Doti ya Bibi Fumi na Kitambaa Chenye Matundu

Leo Jumamosi, nikiwa nanyoosha vitambaa vya makochi sebuleni kwangu Miritini, nimejiaibisha mbele ya mabara mawili kwa wakati mmoja. Sijui mtu mwingine aliyewahi kufanya hivyo bila kutoka nje ya mlango wake.

Naandika nikiwa bado nimevaa gauni la shughuli. Sijapata nguvu ya kulivua.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mwalimu wa jiografia. (Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.) Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewachorea watoto wa Changamwe tufe la dunia ubaoni, nikawagawia longitudo kama mtu anayekata chungwa, na kuwahimiza wakumbuke kwamba jua halimsubiri mtu. Watoto wangu hufaulu. Mimi leo nimefeli.

Binti yangu Neema anaishi Osaka, Japani. Alikwenda kusoma, akabaki kufanya kazi, na sasa amepata mchumba, kijana mpole aitwaye Daichi. Daichi aliwahi kufundisha hisabati kule Taita kwa miaka miwili, na Kiswahili chake kimenyooka. (Likumbukeni hilo. Mimi nililisahau.) Leo wazazi wake walikuwa wajitambulishe kwetu na kuleta posa kwa njia ya video, kwa sababu Bibi Fumi, mama yake baba Daichi na mkubwa wa ukoo wao, hawezi tena kusafiri.

Neema alinieleza mapema, polepole, kama anavyomweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa: "Mama, Bibi hana maneno mengi. Anataka kukusalimia wewe tu. Akishakusalimia, basi. Kwao nitakuwa mtu wa nyumbani."

Salamu moja. Nilitakiwa kutoa salamu moja tu.

Sasa tuje kwenye suala la saa. Osaka iko saa sita mbele yetu. Na kwa kuwa sisi tunaanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, ikiwa kwetu ni saa nane mchana, kule Osaka usiku umeingia, lakini mshale wa saa yao ya ukutani uko kwenye nane vilevile. Nambari ni ileile! Nilipoligundua hilo nilimpigia Neema kwa furaha ya mvumbuzi.

"Mia moja thelathini na tano, toa arobaini na tano, gawanya kwa kumi na tano," nikamwambia. "Sita! Hatuwezi kukosana saa na watu hawa hata tukitaka."

"Mama," akasema, "mimi naishi huku."

Hesabu, basi, ilikuwa sahihi. Kilichoniponza ni kadi ya mwaliko.

Katika ukoo wetu kadi ina saa yake na shughuli ina yake. Hakuna anayelisema jambo hili, na hakuna asiyelijua. Ukitaka watu wafike saa kumi, unaandika saa nane. Hufanyi hivyo kwa ubaya. Unafanya kama mshonaji anayeacha pindo, akijua nguo itaruka ikifuliwa. Nina kaka yangu mkubwa, Chengo, anayeishi Timbwani kule Likoni, ng'ambo ya kivuko. Huyu hajawahi kuwahi. Kila akifika hushika kiuno na kusema, "Nilaumuni mimi? Laumuni feri." Mwaka jana alisema hivyohivyo kwenye shughuli iliyofanyika Likoni, mtaa wa pili kutoka kwake.

Kwa hiyo shughuli yangu ilikuwa saa kumi, na kadi ikaandikwa saa nane.

Neema aliipokea kadi hiyo akanipigia. "Saa nane kamili, Mama? Niwaambie wazee?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Niliiona. Lakini ningemwambiaje binti yangu akawaeleze wakwe kwamba mama yake ana saa mbili, moja ya kuandika na nyingine ya kutumia? Tena nilijipa hoja. Neema alikwishanisimulia kuhusu Osaka: kwamba treni ikichelewa kidogo tu abiria huombwa radhi, kwamba watu hutembea kama wanaokimbia mvua. Lakini pia aliniambia kwamba ni mji wa watu wa utani, wanaozungumza na wasiowajua, na kwamba wanawake wazee wa pale hutembea na peremende mikobani wakimgawia yeyote wanayekutana naye. Nikasema moyoni: watu wanaogawa peremende barabarani hawawezi kuwa wakali wa saa. Hao ni Wapwani waliotupwa mbali.

"Waambie," nikajibu.

Asubuhi ya leo tuliijaribu tableti. Niliisimamisha juu ya kabati la vyombo, ikitazama sebule nzima. Neema akatokea, akaridhika, akasema, "Iache hivyohivyo, Mama. Usiiguse. Mimi nitawaingiza wazee wakati ukifika."

Sikuigusa. Niliipunguza sauti tu, kwa sababu ilikuwa ikilialia. Kisha saa saba mdogo wangu Kadzo akaanza kufagia, vumbi likapanda, nami nikachukua kimojawapo cha vitambaa vyangu vya kufuma nikaifunika. (Niliambiwa nisiguse. Kufunika si kugusa.) Mnavijua vitambaa hivyo, vile vyeupe vya maua, ambavyo mwanamke wa rika langu huvitandaza juu ya kila kitu kisichokimbia. Nimekifuma kwa mkono wangu. Kila ua lina tundu katikati, kubwa kama sarafu ya shilingi. Tundu moja lilikaa barabara juu ya jicho la kamera.

Simu yangu ilikuwa chumbani ikichajiwa. Nilikuwa nimeizima sauti kwa sababu ya kundi la familia, ambamo tangu asubuhi walikuwa wakiulizana: "Kadi imesema saa nane, kwa hiyo ni saa ngapi?"

Saa nane ikaja na kupita kimya. Hakuna mgeni aliyebisha hodi, jambo lililonipa amani. Nilikuwa nimejifunga leso ya jikoni, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Baba Neema alikuwa ameketi kwenye kochi kubwa na fulana yake ya ndani, mguu mmoja juu ya meza, akikata kucha.

"Baba Neema, leo unaposewa binti."

"Wataziona kucha?"

"Hawataziona."

"Basi niache nimalize."

Kadzo akaanza kubadilisha vitambaa vya makochi. Nikavikataa vya kijani. Nikavikataa vya pinki. Tukarudi kwenye vyeupe tulivyoanza navyo. Katikati ya kazi hiyo nikasimama mbele ya kabati nifanye mazoezi ya kuinama, kwani nilitaka kumwamkia Bibi Fumi kwa desturi yake na yangu pamoja: niiname kama wao, niseme shikamoo kama sisi.

"Umeinama mno," Kadzo akasema. "Unatafuta sindano?"

Nikainama tena.

"Sasa unaumwa tumbo."

Nikainama mara nyingine, mikono mapajani, na kiuno changu cha miaka hamsini na kitu kikatoa mlio. Kadzo akaketi chini kwa kucheka. Hata Baba Neema akaiacha kucha.

Ndipo Kadzo akauliza swali ambalo natamani angezaliwa bila ulimi wa kuliuliza. "Dada, na hao wa Osaka umewaambia saa ngapi?"

"Saa nane, kama wengine."

"He! Na wakitokea saa nane kweli?"

"Watokee wapi?" nikasema, kwa sauti yangu ya darasani. "Mtu ni mtu tu, hata akiwa Japani. Nimewadanganya saa mbili, watachelewa moja na nusu, na hiyo nusu watakayotusubiri haiui mtu."

Nilisema hivyo mbele ya kabati, nimetazama kabati.

Kisha nikalileta boksi la zawadi. Nilikuwa nimemnunulia Bibi Fumi doti ya leso, nyekundu na nyeupe yenye pindo jeusi, nzuri mpaka nilipoitoa dukani nilijuta kwamba si yangu. "Hebu niione mwilini," Kadzo akasema. Nikajifunga moja kiunoni, nyingine nikajitanda. Kadzo akapiga makofi. Mimi, mwalimu mkuu msaidizi, mama wa bi harusi, nikacheza chakacha. Kidogo tu. Kwenda kabatini, kurudi kwenye kochi. Kwenda tena. Jasho likanitoka kwa sababu ya joto la jiko, nikajifuta uso kwa ncha ya leso. Halafu na shingo. Kisha nikazikunja upya kwa mikunjo ya dukani, nikazirudisha kwenye boksi na kulifunga utepe.

"Hakuna atakayejua," nikamwambia Kadzo.

Saa kumi kasoro kidogo nyumba ilikuwa tayari. Pilau imeshuka, ndugu zetu wa Rabai wamefika, kichwa kimefungwa kilemba, Baba Neema amevaa shati. Nikasimama mbele ya watu wote, nikakishika kitambaa kwa vidole viwili, nikakiondoa kwa madaha.

Kwenye kioo walikuwepo. Wote. Baba Daichi na mkewe wamevaa nguo nyeusi za heshima, wamenyooka kama watu wa picha ya pasipoti. Daichi. Neema wangu, macho mekundu. Na katikati, kwenye kiti chenye mito, mwanamke mzee wa umbo dogo aliyevaa kimono cha rangi ya majivu, kidevu kimelala kifuani.

Wakapiga makofi. Nilifurahi. Nikaongeza sauti ya tableti nipate kuyasikia vizuri. (Niliyafurahia makofi yale. Hilo nalo nimelikumbuka sasa hivi, na nimelazimika kuweka simu chini kidogo.)

Nikainama, mara hii vizuri. Nikatoa hotuba. Nikataja bahari zinazotutenganisha na saa zinazotuunganisha, kwamba nambari ya saa yetu na yao ni moja, na kwamba Mungu hafanyi jambo hilo bure. Daichi akatafsiri, ila pale penye saa alikohoa. Kisha nikanyanyua boksi.

"Doti hii ni ya Bibi Fumi," nikasema. "Ni mpya kutoka dukani. Haijaguswa na mwili wa mtu."

Daichi hakutafsiri.

"Mwambie," nikamhimiza.

Neema alifunika uso kwa mikono. Mama yake Daichi alitazama dari. Baba Daichi akauliza jambo, Daichi akalijibu kwa sauti ya chini, na baba yake akatikisa kichwa kwa uzito, akasema maneno machache. Daichi akageukia kamera. Masikini kijana wa watu, masikio yalikuwa mekundu.

"Baba anasema asante sana, Mama. Anasema... anajua inakaa vizuri. Tumeiona ikicheza."

Kule Osaka wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliokibana kwa muda mrefu mno. Huku kwangu hakuna aliyeelewa. Nilisimama na boksi. Nikamtazama Kadzo. Kadzo hakunitazama mimi. Alitazama kitambaa mkononi mwangu. Akakichukua, akakiinua machoni, akanichungulia kupitia tundu la ua.

"Dada," akasema, "mbona nakuona mwili mzima?"

Wenzangu, kuna aibu inayokuja kama maji ya ndoo, na kuna inayopanda kama maji ya bahari, kwanza vidole, kisha magoti. Yangu ilipanda. Nikakumbuka chakacha. Ikapanda. Nikazikumbuka kucha. Nikakumbuka "nimewadanganya saa mbili," na Kiswahili cha Daichi kilichonyooka. Hapo ilinifika puani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu saa nane," Daichi akajibu kwa adabu. "Kadi ilisema saa nane."

"Na hamkusema kitu?"

"Tulidhani ni desturi. Neema alisema ni shela."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amewaambia wakwe zake kwamba nyumba ya mama wa bi harusi hutazamwa kwanza kupitia shela, kwa heshima, mpaka mwenyewe aifunue. Ndiyo maana walipiga makofi. Aliniita mpaka sauti ikakauka kwenye tableti niliyoinyamazisha mwenyewe, akanipigia simu niliyoizima mwenyewe, na aliposhindwa, akanitungia desturi.

Baba Daichi alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko, na naamini angenisamehe hata kama ningevunja vyombo. Lakini mimi nilikuwa namtazama mzee wa kwenye kiti.

"Neema, Bibi amechoka?"

"Amelala, Mama."

"Tumwamshe kidogo, nimwamkie."

Neema akasogea karibu na kamera, akazungumza kwa sauti ya kwetu sisi wawili, ingawa nyuma yangu kulikuwa na Rabai nzima. "Mama, Bibi hulala mapema sana. Leo alikataa kulala. Amevaa tangu alasiri, amekaa hapo tangu saa iliyoandikwa. Alikuwa akiuliza kila mara, 'Mama yake yuko wapi?' Namwambia anakuja. Ulipoinama pale kabatini alidhani unamsalimia. Akainama na yeye. Kila ulipoinama, aliinama. Halafu ukageuka ukacheka."

Nililiweka boksi mezani.

"Amelala si muda mrefu, Mama. Baba Daichi anasema tusimwamshe."

Wakambeba na kiti chake, polepole, mbele ya macho yangu. Mkono wake mmoja ulikuwa umefumbata kitu. Neema aliniambia baadaye ni peremende. Alikuwa amenitunzia, ijapokuwa haiwezi kupita kwenye kioo.

Na hapohapo mlango ukafunguliwa. Kaka Chengo, kofia mkononi, kiuno kimeshikwa.

"Laumuni feri," akasema. "Nimewahi?"

Posa imepokelewa, nisiwafiche hilo. Baba Neema aliijibu kwa niaba yetu, kwa maneno mafupi na kucha safi. Wakwe waliondoka na kicheko, wageni walikula pilau, na kila mtu aliyenipita alinitazama kupitia vidole vyake kama matundu. Lakini yule aliyetaka salamu moja hakuipata. Neema hakunilaumu. Alisema tu, "Pumzika, Mama." Heri angenifokea.

Ninaowaomba wasicheke ni wale tu ambao kadi zao husema ukweli. Ninyi wengine chekeni taratibu, mkijua nitawaalika.

*

Naongeza haya wiki kadhaa baadaye, kwa sababu wengi mmeniuliza iliishia wapi. Sijui bado. Leo nimeituma barua hii, na Daichi ameahidi kuitafsiri bila kukohoa.

*

Shikamoo Bibi Fumi,

Naianza kwa salamu kwa sababu ndiyo ninayodaiwa.

Uliniinamia nami nikakupa mgongo nikicheka. Sikukuona, lakini kutokuona kwangu kulikuwa kazi ya mikono yangu mwenyewe: kitambaa nilikifuma mimi, sauti niliizima mimi, na saa niliiandika mimi nikijua si yake. Neema alikuambia kwamba ile ilikuwa shela. Haikuwa shela. Lilikuwa vumbi, na uongo wa saa mbili. Nakusihi usimhesabie yeye. Alikuwa akinisitiri mimi mama yake.

Huku kwetu tunampa mtu saa ya uongo kwa kuwa tunamjua atachelewa. Nilikupa wewe saa hiyo kabla sijakujua. Nimewafundisha watoto wengi kwamba dunia nzima inazunguka kwa mwendo mmoja, lakini sikuwahi kuwafundisha kwamba muda wa mtu mzee si sawa na wangu. Sasa nawafundisha.

Katika kifurushi hiki kuna doti mpya. Mara hii ni mpya kweli. Imefungwa dukani na muuzaji, mimi nimelishika boksi tu. Ile ya kwanza nimeifua nikabaki nayo, kwa vile ulikwishaiona ikicheza. Kuna na kashata za nazi, kwa ajili ya ile peremende.

Nina ombi moja. Chagua siku, na uchague saa, yoyote inayokufaa kabla ya usingizi wako. Nambari utakayoiona kwenye saa yako ya ukutani ndiyo nitakayoihesabu na mimi. Siku hiyo nitakaa mbele ya kamera saa mbili kabla yako, nimevaa, peke yangu, kabati likiwa halina kitambaa. Usiharakishe. Kunywa chai yako kwanza. Nikikuona nitainama, na sitageuka mpaka ugeuke wewe.

Na harusi, Bibi, ni saa nne asubuhi. Nakuambia wewe peke yako. Ndugu zangu nimewaambia saa mbili.

Ni mimi,
Mama Neema